KUSINZIA SI KULALA

Somo la mwezi huu: namna Wajapani wanavyolala, na yale ambayo mfanyakazi wa mgodi na jamaa yake wanaweza kujifunza



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, miwani, vumbi na maji safi. Leo tunazungumza juu ya kifaa kingine cha usalama, ambacho hakitolewi magazini wala hakitiwi sahihi: usingizi. Mtu anaweza kuja kazini na viatu vizuri, kofia nzuri na mkanda mzuri. Lakini kama akili yake imelala, vifaa vile havitasimamisha kamyo kwa niaba yake.

Ili kufahamu jambo hili tutakwenda mbali, katika nchi ya Japani. Wazee wa Katanga wanawakumbuka Wajapani. Miaka ya 1970 walikuja kuchimba shaba huko Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, na wakaondoka mwaka 1983. Watu wengi wanawasifu kwa bidii, na wengine husema kwamba Wajapani hawachoki. Si kweli. Wanachoka kama wewe na mimi. Wametofautiana nasi kwa desturi ya kupumzika, na humo ndani kuna somo kubwa kwa mtu anayefanya kazi ya usiku.

Tahadhari moja kwanza: hapa tunahesabu saa kwa Kiswahili. Saa 8 ya usiku ni ile inayoandikwa 2:00 kwenye karatasi ya poste.

1. KILA TAIFA LINA MALALO YAKE

Hakuna mtu aliyefundishwa kulala. Mtoto mchanga analala bila mwalimu. Lakini namna ya kulala tunafundishwa: tulale wapi, na nani, saa gani, na mahali gani ni haya kuonekana umefumba macho.

Katika nyumba ya Kijapani ya desturi hakuna kitanda. Sakafu imefunikwa na mikeka minene ya nyasi inayoitwa tatami. Jioni wanatandika juu yake godoro jembamba, futon. Asubuhi godoro linakunjwa na kuingizwa ndani ya kabati la ukutani, na chumba kile kile kinakuwa mahali pa kula na kupokea wageni. Siku ya jua magodoro yanatundikwa nje ili jua liondoe unyevu wa jasho. Hiyo ni desturi nzuri ya usafi, na hata sisi inatufaa. Tena wazee wao hawapendi mtu alaze kichwa upande wa kaskazini, kwa kuwa ndivyo wanavyolaza maiti.

Watoto wadogo wanalala pamoja na wazazi. Wajapani wana alama ya kuandika neno «mto», yaani mto wa maji, ambayo ni mistari mitatu iliyosimama, na ule wa katikati ni mfupi. Wanasema kwamba baba, mama na mtoto katikati wanalala kwa mfano wa alama hiyo. Mzungu mara nyingi anamlaza mtoto peke yake katika chumba chake. Kwetu watoto wanalala pamoja, au kwa nyanya yao. Wote wanakua. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba desturi ya kwake tu ndiyo ya haki.

Hata saa za kulala zinatoka kwa watu. Zamani Wajapani waligawanya mchana katika sehemu 6 na usiku katika sehemu 6, wakifuata jua. Saa ya mchana ilikuwa ndefu majira ya joto na fupi majira ya baridi. Msemaji wa Kiswahili anaelewa upesi, kwa sababu naye anaanza kuhesabu saa jua linapotoka. Tarehe 1 Januari 1873 serikali ya Japani ilianza kutumia kalenda ya Ulaya na saa 24 zilizo sawasawa. Fabriki, treni, migodi na taa za umeme zikaleta kazi ya usiku.

Mfano ni kisiwa kidogo cha Hashima, palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe chini ya bahari. Mwaka 1959 zaidi ya watu 5,000 waliishi pale, wachimbaji na jamaa zao, katika majumba marefu ya beto yaliyobanana. Mgodi ulifungwa mwaka 1974. Mtu wa kampi anaweza kufikiri mwenyewe maisha yale: huyu anarudi kutoka shimoni kutafuta usingizi, na nyuma ya ukuta watoto wa jirani wanaamka kwenda shule.

2. KULALA HUKU UPO

Mgeni anayefika Tokyo anashangaa jambo moja. Ndani ya treni za asubuhi na jioni watu wengi wamesinzia, wengine wakiwa wamesimama na kushika kamba. Katika mkutano wa kazi mkubwa mmoja amefumba macho, na hakuna anayemgusa. Darasani mwanafunzi ameinamisha kichwa. Wao wana neno kwa usingizi wa namna hiyo: inemuri. Sehemu ya kwanza ya neno maana yake ni kuwapo, na sehemu ya pili ni usingizi. Ni kulala huku upo.

Mtaalamu mmoja wa Austria, bibi Brigitte Steger, alichunguza desturi hiyo kwa miaka mingi. Anaeleza kwamba kwa Wajapani inemuri haihesabiwi kuwa kulala hasa. Mtu bado ni mmoja wa wale walio pale. Anapaswa kukaa kwa heshima, asijinyoshe kama mtu aliye kitandani, na kazi ikimwita arudi mara moja. Tena si kila mtu ana ruhusa sawa: mkubwa anasamehewa kuliko kijana aliyeingia kazini jana. Na mara nyingi watu wanasema juu ya mwenye kusinzia: «Amefanya kazi sana.» Sisi tungesema: «Mvivu huyo!»

Tazama basi nguvu ya desturi. Kichwa kile kile kinachoinama kinaitwa bidii Tokyo na uvivu Kolwezi. Mwili haukubadilika. Ni macho ya watu yaliyobadilika.

Msomaji mwingine atafurahi na kusema: «Vizuri, tuwaige Wajapani, tusinzie kazini!» Ngoja kwanza. Tuulize sababu ya watu hao kusinzia kila mahali.

3. DENI LA USINGIZI

Sababu ni kwamba usiku hawalali vya kutosha. Mwaka 1960 radio ya taifa yao, NHK, ilianza kuuliza watu namna wanavyotumia saa za siku. Wakati ule Mjapani alilala zaidi ya saa 8 siku ya kazi. Mwaka 2010 zilibaki saa 7 na robo hivi. Mwaka 2021 shirika la nchi tajiri, OECD, lililinganisha nchi 33. Wajapani walikuwa wa mwisho: saa 7 na dakika 22, na wastani wa nchi zote ulikuwa saa 8 na dakika 28. Tena Japani wanawake wanalala kuliko wanaume kwa uchache, kwa sababu mama analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mama wa kampi anayeamka kabla ya jua kwenda kuteka maji hahitaji kuelezwa zaidi.

Sababu zenyewe ni kazi ya saa nyingi, safari ndefu ya kwenda na kurudi, na masomo. Wanafunzi wao walikuwa na msemo: mwenye kulala saa 4 atafaulu, mwenye kulala saa 5 ataanguka. Kwa hiyo inemuri si dawa waliyovumbua. Ni alama ya deni. Mtu asiyelipa deni usiku, mwili unamkamata mchana na kujilipa wenyewe kidogo kidogo, ndani ya treni, mkutanoni, darasani.

Hebu tufahamu namna mwili unavyofanya hesabu hiyo. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni deni lenyewe. Tangu unapoamka, haja ya usingizi inaongezeka saa kwa saa, kama maji yanayojaa ndani ya ndoo. Kulala tu ndiko kunakomwaga ndoo. Kahawa haimwagi, inafunika tu ndoo kwa muda.

La pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo mna saa ndogo inayopangwa na mwanga wa jua. Inauambia mwili: sasa ni mchana, kesha, sasa ni usiku, lala. Kati ya saa 8 na saa 12 ya usiku joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, mkono unachelewa. Kuna mshuko mwingine mdogo baada ya chakula cha mchana. Saa hiyo haijui karatasi ya poste. Hata mtu akifanya kazi ya usiku miaka 20, bado mwili wake unasikia jua.

Sasa tuunganishe mambo hayo mawili. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe kwa litre ya damu. Tufanye hesabu ya kwetu. Baba ameamka saa 12 ya asubuhi. Amelima shamba, ametengeneza mabati ya nyumba, amekwenda kuona wagonjwa. Saa 4 ya usiku anaingia poste. Ikifika saa 5 ya usiku amekwisha kutimiza saa 17 bila kulala. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, na yeye tayari ni kama mlevi, wala hakugusa chupa! Mbele yake kuna saa 8, saa 9 na saa 10 ya usiku, ambazo ni mbaya kuliko zote.

Na usingizi wa ghafula unatosha kuwa mfupi sana. Kamyo inayokwenda kilometa 40 kwa saa inakimbia metre 11 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde 4 tu, kamyo imekwenda metre 44 bila mtu. Na yeye ataapa kwamba hakulala, kwa maana usingizi wa namna hiyo mtu hausikii.

4. TRENI ISIYO NA MTU

Tarehe 26 Februari 2003, mchana, treni ya Japani inayokimbia sana, ile wanayoiita Shinkansen, ilikuwa inakwenda kwenye mji wa Okayama. Ndani mlikuwa na abiria kama 800. Mwendo ulikuwa kilometa 270 kwa saa. Dereva, mtu wa miaka 33, alilala kwa dakika kama 8. Treni ilifika stesheni ya Okayama ikasimama kabla ya mahali pake. Wafanyakazi walipoingia walimkuta bado amelala kitini. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mashini ya usalama ilipunguza mwendo yenyewe na kuisimamisha treni.

Tufikiri pamoja. Nchi ile inamsamehe mtu anayesinzia mkutanoni. Lakini chuma hakijui desturi. Mkutanoni mtu akilala, maneno tu yanampita. Kwenye usukani, kwenye ukanda wa mawe, kwenye winchi, kwenye kituo cha umeme, watu ndio wanaopitiwa. Na mashini zetu nyingi hazina kifaa cha kujisimamisha kama treni ile.

Tena waganga walimpima dereva yule wakakuta ana ugonjwa: usiku pumzi yake ilikuwa inakatika mara nyingi usingizini. Mtu wa namna hiyo anakoroma kwa nguvu, ananyamaza kabisa kwa sekunde nyingi, kisha anashtuka kama anayenyongwa, na kuanza tena. Anakaa kitandani saa 8, lakini asubuhi ni kama hakulala. Yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni bibi yake. Kwa hiyo, mama, ukisikia baba anakoroma hivyo na pumzi inakatika, usicheke tu na jirani. Mlete lopitali. Ni ugonjwa wenye matibabu, na kwa dereva ni jambo la uhai na kifo.

5. WAJAPANI WAMEANZA KUBADILI DESTURI YAO

Wajapani wameona hasara ya deni hilo. Wana neno la kusikitisha, karoshi, maana yake kufa kwa kazi kupita kiasi: moyo unasimama, au mshipa wa kichwa unapasuka, kwa mtu aliyefanya kazi miezi mingi bila kupumzika. Mwaka 1988 mawakili wao walifungua simu ya kusaidia wajane na jamaa za watu waliokufa hivyo. Tangu mwaka 2001 serikali inatazama hesabu ya saa za ziada: mtu akiwa amefanya zaidi ya saa 100 za ziada katika mwezi mmoja kabla ya kuugua, au zaidi ya 80 kwa mwezi katika miezi kadhaa, kazi inahesabiwa kuwa sababu yenye nguvu. Mwaka 2014 walitunga sheria ya kuzuia vifo hivyo. Tangu Aprili 2019 sheria imewekea kompani kubwa kipimo cha saa 45 za ziada kwa mwezi, isipokuwa kwa sababu za pekee.

Hata kwa franga ni hasara. Mwaka 2016 wachunguzi walipima hasara ya kukosa usingizi katika nchi 5 tajiri. Japani ilipoteza sehemu kubwa kuliko wote, karibu 3 juu ya 100 ya mali inayotengenezwa nchini kwa mwaka.

Basi wakaanza kutenganisha mambo mawili ambayo sisi pia inafaa tuyatenganishe. Inemuri ni usingizi wa kuiba: unakukamata popote, hujaupanga. Lakini wana neno jingine, kamin, yaani usingizi wa muda, uliopangwa. Sheria yao ya usalama wa kazi inataka kwamba palipo na wafanyakazi wa usiku wanaohitaji kulala, au wenye nafasi ya kulala kidogo, kompani iwape mahali pa kulala, pa wanaume mbali na pa wanawake mbali. Mtu anajulikana yuko wapi, mwingine anashika mashini, na saa ya kuamka imewekwa.

Mwaka 2005 shule moja ya sekondari ya mji wa Kurume iliweka dakika 15 za kulala baada ya chakula cha mchana, vichwa juu ya meza. Mashauri ya wizara yao ya afya ya mwaka 2014 yanasema kwamba usingizi mfupi wa mchana, usiozidi dakika 30, unasaidia kazi. Na mashauri mapya, yaliyotolewa mwaka 2024, yanamtaka mtu mzima asipungue saa 6 za usingizi, mtoto wa shule ya msingi apate saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Ule msemo wa saa 4 na saa 5 umekwisha kukataliwa.

Basi, tukitaka kuazima kitu kwa Wajapani, tusiazime inemuri. Tuazime kamin.

6. NA SISI JE?

Sisi tuna desturi nzuri. Mtu wetu hapendi kulala peke yake na mashaka. Nyumba ina watu, na mgonjwa anakeshewa. Lakini tuna desturi moja inayowaumiza watu wa poste ya usiku: kwetu, mwanaume anayelala mchana anahesabiwa kuwa mvivu au mgonjwa. Mgeni akija anaamshwa. Shemeji akipita anaamshwa. Fundi amefika, anaamshwa. Jirani ana kilio, na asipoonekana atasemwa. Radio inalia, kinu kinatwanga, watoto wanacheza chini ya dirisha. Baba analala saa 3 zilizokatwakatwa mara 5, kisha usiku anapanda juu ya kamyo.

Hakuna mbaya katika hadithi hiyo. Mgeni ana heshima yake, kilio kina heshima yake. Ila desturi hizo zilitoka wakati ambapo wote tulilala usiku na kuamka na jua. Poste ya usiku imekuja baadaye, na desturi yake bado hatujaitengeneza. Wajapani wanatuonyesha kwamba watu wanaweza kubadili namna wanavyotazama usingizi. Basi nasi tuseme hivi: mtu wa poste ya usiku anayelala mchana yuko kazini. Anatengeneza macho yake ya usiku. Kumwamsha bila sababu kubwa ni sawa na kumwondolea kofia yake ya usalama.

7. MASHAURI

Kwa mfanyakazi:

1. Siku ya usiku wa kwanza, usifike kazini ukiwa umekesha mchana kutwa. Lala kama saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana au jioni kabla ya kuondoka.

2. Ukitoka poste, rudi nyumbani moja kwa moja. Oga, kula kidogo, lala. Pombe inaleta usingizi upesi lakini inauvunja katikati, na mtu anaamka na kichwa kizito.

3. Chumba kiwe na giza: tundika pazia nzito au bulanketi dirishani. Lakini usizibe hewa. Mbabula yenye makala isibaki kamwe ndani ya chumba cha kulala, hata katika baridi ya Juni na Julai. Moshi wake usioonekana unaua mtu usingizini.

4. Kahawa au chai kali inywe mwanzo wa poste. Baada ya saa 5 nusu ya nguvu yake bado imo mwilini; ukiinywa mwisho wa poste itakufukuzia usingizi wa mchana.

5. Ukisikia usingizi kwenye mashini, usishindane nao. Alama zake ni hizi: kichwa kinadondoka, hukumbuki njia uliyopita, macho yanaona mara mbili, unapiga miayo bila kuacha. Simamisha, na umwambie shefu wa ekipi.

6. Mapumziko yakiruhusiwa, yawe ya kupangwa: mahali panapojulikana, dakika kama 20, na mwenzako anajua. Ukiamka, nawa uso, tembea, ngoja kama robo saa kabla ya kushika usukani, kwa maana mwili hauamki wote mara moja.

7. USILALE KAMWE chini ya kamyo au katika kivuli chake, nyuma ya gurudumu, juu au kando ya ukanda wa mawe, wala katika njia ya shimoni isiyofika hewa. Dereva hatajua kwamba uko pale. Hewa mbaya haitakuamsha.

8. Usinunue vidonge vya usingizi sokoni. Usingizi ukikataa kwa majuma mengi, njoo dispansari.

Kwa shefu wa ekipi:

9. Mtu anayesema «nina usingizi» amekufanyia kazi ya usalama. Ukimkaripia leo, kesho atanyamaza, na utayajua mambo siku ya ajali. Mbadilishie kazi, mpe kazi ya kutembea, au mpangie mapumziko. Na katika komite ya usalama na afya, ulizeni pamoja na wajumbe wa wafanyakazi: mahali petu pa kupumzika usiku ni wapi?

Kwa nyumba na majirani:

10. Watu wa mstari mmoja wa nyumba wapatane alama. Kwa mfano, kitambaa cheupe mlangoni maana yake: hapa mtu wa usiku amelala. Anayekiona asipige hodi, watoto wacheze upande mwingine, radio ipunguzwe.

11. Kilio kikiwa cha mbali, mama au ndugu aende kwanza kwa niaba ya nyumba, na baba aje akisha kulala. Wazee wa kampi wakilisema hilo mbele ya watu, hakuna atakayelaumiwa.

12. Baba, kumbuka usingizi wa mama pia. Yeye anaamka kabla ya wote kwa ajili ya shule na maji, na mchana anakulindia usingizi wako. Siku yako ya mapumziko, wewe na vijana wakubwa mteke maji, naye alale.

13. Vijana, kukesha usiku kucha kabla ya egzamen si ushujaa. Usingizi ndio unaopanga kichwani mambo uliyosoma. Soma mapema, kisha lala.

8. MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

— Juma lililopita, baba alilala saa ngapi kila siku? Mama je? Hesabuni pamoja.

— Mara ngapi aliamshwa, na nani, kwa sababu gani? Sababu ipi ingeweza kungoja?

— Kuna mtu nyumbani anayekoroma na pumzi kukatika?

— Kazini, ukishikwa na usingizi, unajua utamwambia nani na utapumzika wapi? Kama hujui, uliza kabla ya poste yako ijayo ya usiku.

Andikeni majibu kwenye karatasi. Mkija dispansari kwa jambo lolote, mje nayo tuitazame pamoja.